Jiwe Jeupe la Kasolo

Tangu nirudi Kalemie, kila anayenikuta njiani ananiuliza swali moja: iko volkano ao haiko? Jibu fupi ni kwamba haiko. Anayetosheka na jibu fupi anaweza kuishia hapa. Mimi mwenyewe nilitosheka nalo kwa siku mbili nzima, na ni kwa sababu ya siku hizo mbili ninaandika haya, ili nisiyarudie kwa mdomo kila ninaposhuka kwenye pikipiki.

Kalemie, ufukoni

Aliyeniita ni mama mudogo Anastazia, mdogo wake mama yangu. Anaishi Kasolo, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, mwendo wa saa moja kwa miguu kusini ya Zongwe. Alipiga simu akiwa amepanda mahali fulani penye mtandao, upepo ukimkata maneno.

"Judi, mulima iko inatoa moshi."

"Moshi wa nini?"

"Ningejua ningekuita? Weye njo ulisomaka mawe. Kuja uangalie. Kama ni moto, niondoke na watoto. Kama si moto, niache nibaki kwangu. Nimeshafunga vyombo. Lakini Katanika sirudi bure."

Katanika, kambi ya wakimbizi, anaijua. Vita vilipomfukuza, aliishi pale miaka miwili chini ya bashi, ile plastiki ambayo mchana inachemsha watu na mvua ikinyesha inageuka ngoma. Alitoka pale na cherehani yake na nia moja: asilale tena chini ya plastiki.

Mimi nimesoma jiolojia, na kazi bado natafuta. Nilichokishika zaidi chuoni ni kutoamini kitu kabla ya kukigusa. Najua kwamba upande wetu wa ziwa hauna volkano. Tuna ardhi iliyopasuka tu, na ziwa lenyewe ni ufa wa zamani uliojaa maji. Lakini watu wamesikia habari za mlima wa moto wa Goma, na tangu hapo hata jiko la makaa likiwaka juu ya kilima wanaita volkano. Nilifunga safari nikiwa na jibu tayari mfukoni. Hilo nalikiri mapema.

Nilibeba kamera ya marehemu baba. Alikuwa anapiga picha za vitambulisho karibu na stesheni ya gari moshi, na aliniachia kamera ya chuma isiyo na betri, lenzi mbili, moja fupi na moja ndefu ya kuvuta mbali, na ndoo za kusafishia picha gizani. Filme ilikuwa moja, ya nyeusi na nyeupe, picha thelathini na sita, niliyoletewa na rafiki kutoka Lubumbashi. Mnaniuliza kwa nini situmii simu. Simu inapiga mia mbili na huangalii hata moja. Ukiwa na thelathini na sita, unaangalia kwanza.

Boti lilipaswa kuondoka asubuhi. Tuliondoka mchana, kwa sababu ya friza. Mtu mmoja alikuwa amelipia nafasi ya friza na kapita wa boti hakukubali kuondoka bila hiyo, ingawa hakuna aliyemjua mwenyewe. Ilipofika, ilibebwa na wanaume sita, ikawekwa katikati yetu, na mama mmoja mwenye magunia ya mihogo akageuza kifuniko chake kuwa meza bila kuomba ruhusa.

"Kula, mademuazeli," aliniambia, akinisogezea mihogo ya kuchemsha na ndakala, dagaa wetu, za kukaanga. "Ukienda kwenye mulima ya moto, usiende na njaa."

"Hakuna mulima ya moto, Mama."

"Ulishafika?"

"Bado."

"Basi kula."

Majini, kuelekea kusini

Mchana upepo wa ziwa uliamka. Kapita alitubana karibu na nchi kavu, lakini mawimbi yalitupiga ubavuni, na kila wimbi friza iliteleza upande mmoja, nasi pamoja nayo. Kisha injini ikakata. Kapita alifungua buji, ile plagi ya injini, akaipiga miswaki, akaipulizia, akairudisha, na wakati huo wote boti lilikuwa linazunguka kama jani. Mbele yetu niliona miamba inayotoka majini, myeusi na mikali.

"Tupeni ile friza," sauti moja ilisema nyuma.

"Tumutupe kwanza mwenye kusema," mama wa mihogo akajibu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kifuniko na mwingine umeshika ukanda wa kamera yangu, sijui tangu lini.

Injini iliitika tukiwa karibu kiasi cha kusikia maji yakinyonywa kati ya mawe. Tukapita Zongwe. Ilikuwa jioni, jua likiwa upande wa mlima, na ndipo nikauona moshi.

Ulikuwa mweupe, mwembamba, ukitoka katikati ya mteremko juu ya Kasolo, karibu na jiwe kubwa jeupe kama jino. Ulisimama kidogo, ukalala, ukapotea. Nilipiga picha tano kutoka botini, magoti yangu yakiwa yamebanwa kwenye friza.

"Sasa?" mama wa mihogo aliuliza.

"Naona moshi. Moto sijaona."

"Ee. Watu wa shule," alisema, na akaniachia ukanda.

Kasolo, na juu ya mlima

Nyumba ya mama mudogo ilikuwa ya matofali mabichi na bati, ya mwisho kabisa pale korongo linapotokea. Ndani palikuwa pamebaki kitanda na meza. Vingine vyote vilikuwa vimefungwa kwa vitenge: sufuria, nguo za watoto watatu, cherehani imelazwa kama mgonjwa. Nyumba kumi na mbili za upande ule zilikuwa hivyo hivyo.

Kesho yake alfajiri nilipanda. Ni kazi ya saa tatu, majani makali na mawe yanayokukimbia chini ya kiatu. Nilifika kwenye Jiwe Jeupe, kipande cha mwamba kikubwa kuliko nyumba, nikafanya kila nilichofundishwa. Nilishika ardhi: baridi. Nilinusa: hakuna harufu ya kiberiti. Nilitafuta mawe ya moto wa zamani: hakuna, ni mwamba ule ule wa kale wa milima yetu. Juu zaidi nikakuta majani yamechomwa, eneo pana kiasi cha uwanja wa mpira, majivu bado meusi. Watu wanachoma nyika ili wapate panya wa kula. Basi, moshi ndio huo.

Nyuma ya Jiwe Jeupe kulikuwa na ufa. Nauandika hapa kwa sababu niliuona. Ulikuwa na upana wa kuingiza mguu, umejaa majani makavu, ukienda kushoto na kulia mpaka vichakani, na juu yake nyufa nyingine za namna hiyo, kama ngazi. Niliupiga picha mbili, nikaweka kiatu changu kando yake ili ukubwa uonekane. Nikajiambia ni wa zamani, ni mvua na jua. Nilikuwa nimekuja na swali moja, na swali lile nilikuwa nimeshalijibu.

Jumapili, baada ya ibada, shefu wa kijiji aliniita niseme mbele ya kanisa. Kanisa lao ni dogo, la mawe, limejengwa upande wa kaskazini kwenye rasi, mbali na korongo. Shefu ni mtu wa milimani, mkulima, aliyeletwa ziwani na ndoa. Nilisema kwa sauti ya kutosha: hakuna volkano, hakuna moto chini, moshi ni wa watu wanaochoma majani, laleni salama. Wakapiga makofi. Mzee mmoja alisema kwamba Serikali ingetuma watu kumi na mashini kwa kazi hiyo, na mimi nimeimaliza kwa viatu tu. Nilijisikia mrefu.

Mchana huo mama mudogo alifungua vitenge. Aliweka cherehani chini ya dirisha, akavuta kiti, akaanza kushona akiimba. Nilimpiga picha moja. Siku hizo mbili nilizozitaja ndizo hizo: Jumapili hiyo, na Jumatatu.

Kwenye Kiti

Jumanne asubuhi nilisikia watu wakigombana ufukoni. Mvuvi anayeitwa Papa Delfu, mwanaume mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, alikuwa ameshika wavu uliochanika vipande vipande. Mbele yake alisimama Papa Kabuya, mzee mwembamba wa shingo ndefu.

"Ya tatu hii," Delfu alisema. "Ya tatu tangu kiangazi. Na yake mwamba haikupasua hata moja. Muniambie ni kwa nini."

"Sema vizuri," mtu akamwambia.

"Nitasema vizuri. Huyu muzee amehamisha Kiti."

Nilicheka. Nilidhani ni kiti cha nyumbani. Nikaambiwa kwamba Kiti ni mwamba ulio chini ya maji, mbali kidogo na ufuko, na kwamba samaki wakubwa, kuhe na sangala, hukaa kwenye mchanga kusini yake. Ukitupa wavu kwenye mchanga, unakula. Ukiutupa juu ya mwamba, unachanika. Na sasa kila anayeutupa mahali pa siku zote anaukuta mwamba, isipokuwa Kabuya. Kwa hiyo Kabuya amelichukua lile jiwe la chini, kwa dawa, akalisogeza kusini ili kuwafukuza wenzake. Wiki iliyopita walikuwa wamemkatia nyavu zake zote kwa visu.

"Mwamba hauhamishwi na dawa," nilisema.

"Weye ulisema ya mulima, tukakusikia," Delfu akanijibu bila hasira. "Ya maji utuachie."

Nilimfuata Papa Kabuya hadi kwenye mtumbwi wake. Nilitaka kujua wanajuaje mahali pa Kiti, maji ni yale yale kila upande. Nilimwomba anipeleke.

"Mwanamuke hapandi mutumbwi wa nyavu," alisema.

"Nitaharibu nini?"

Aliangalia mtumbwi, ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila kasia, kamba na kopo la kukombea maji.

"Kweli," alisema. "Walishaharibu. Panda."

Njiani alinieleza. Unatoka kwa kufuata bati la kanisa: unalifanya lijifiche nusu nyuma ya ncha ya rasi, na unaendelea hivyo hivyo, usiliache. Huo ni mstari wa kwanza. Kisha unaangalia mlimani. Juu kwenye ukingo kuna Pengo, mahali mlima ulipong'oka jino. Chini yake kuna Jiwe Jeupe. Unakwenda mpaka Jiwe Jeupe liingie sawasawa chini ya Pengo. Mistari inapokutana, hapo ndipo unapotupa. Babu yake alifanya hivyo, na babu yake Delfu.

Alisimamisha mtumbwi. "Tumefika."

Nilitazama mlimani kwa lenzi ndefu. Jiwe Jeupe halikuwa chini ya Pengo. Lilikuwa kulia kwake, wazi kabisa, kama kifungo kilichofungwa kwenye tundu la jirani.

"Papa, alama hazijakutana."

Aliteremsha kamba yenye jiwe, akahesabu mafundo, akalivuta, akanionyesha chini ya jiwe: mchanga umenata.

"Hapa njo mahali," alisema. "Mi natumia kamba."

"Na Jiwe Jeupe?"

Alilaza kasia mapajani. "Mwanangu, usimwambie muntu. Macho imekufa. Bati ya kanisa naona kwa sababu inawaka. Ile jiwe sijaiona miaka. Muvuvi mwenye haoni alama wanamwambia akae inje na mama wazee, achambue ndakala."

Nilimwomba apige kasia kaskazini, polepole, akiendelea kufuata bati, na mimi nikihesabu mapigo ya kasia, kila pigo kama hatua moja. Tulisogea kama hatua arobaini ndipo Jiwe Jeupe likaingia chini ya Pengo. Aliteremsha kamba: kok. Mwamba. Pale ndipo Delfu na wenzake wanapotupa nyavu, wakiwa wanafuata alama ile ile ya babu zao.

Kiti hakikuhama. Kilichohama ni Jiwe Jeupe. Pengo liko karibu nyuma yake na sisi tuko mbali mbele, kwa hiyo kila hatua moja ya jiwe inasukuma alama majini hatua tatu hivi. Hatua arobaini ziwani ni zaidi ya kumi mlimani. Nusu ya mteremko ilikuwa inateleza kwenda kulia na chini, kuelekea korongo. Na moshi haukuwa moshi. Ulikuwa vumbi la mawe yanayoanguka. Na kule korongo linakotokea kulikuwa na nyumba kumi na mbili, na ya mwisho ndani yake kuna mwanamke aliyefungua vyombo vyake kwa sababu mimi nilimwambia alale salama.

Nilipiga picha zote zilizobaki, Jiwe na Pengo, kutoka mahali pa mchanga na kutoka mahali pa mwamba. Mtumbwi ulikuwa unayumba, nikaegemeza kamera begani mwa Papa Kabuya, naye akazuia pumzi bila kuambiwa. Juu ya ziwa, upande wa Tanzania, mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kujengeka.

Zongwe

Shefu wa Kasolo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza: "Jumapili ulisema nini?"

"Nilisema hakuna moto. Ni kweli, hakuna moto."

"Ulisema walale salama."

"Nilikosea."

"Umekosea Jumapili, ao umekosea leo? Mi nitajuaje?" Hakusema kwa dharau, alikuwa anauliza kweli. "Leta hizo picha. Nitahamisha watu kwa picha. Kwa maneno yako nilishawalaza."

Mama mudogo hakuacha kushona. "Nimefunga, umenifungulia. Sasa nifunge tena? Judi, mimi si kitenge." Na baada ya kushona mshono mwingine: "Lete picha, tutaona."

Nikaondoka kwenda Zongwe kuwahi boti. Kwenda Kalemie, kusafisha filme, kuchapa, kurudi: siku nne, ikiwa friza hazitakuwa nyingi. Nilikuwa naangalia mawingu zaidi ya njia.

Ufukoni Zongwe mtu mmoja mwenye kofia ya buluu na daftari alinizuia. Alisema yeye ni wa usalama, hakusema usalama upi. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna mwanamke anapiga picha za pwani yote kutoka majini.

"Onyesha picha."

"Haionyeshi. Ni ya filme, Mukubwa. Haina ekran ya kuangalia picha."

"Aparei ya picha isiyo na ekran inaficha nini?"

"Haifichi. Picha ziko ndani, lakini hazijaiva. Ukifungua, mwanga unaziua."

Alifikiri. "Picha inatengenezwa na nini?"

"Na mwanga."

"Inatengenezwa na mwanga, na mwanga inaiua." Alitikisa kichwa. "Mademuazeli, ungekuwa weye, ungekubali hiyo?"

Nisingekubali. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningekuwa mimi, ningetaka kushika. Nilimwambia kuhusu mlima, nyumba, mvua. Nilimwambia aniandikie karatasi, aninyang'anye kitambulisho, anifuate mpaka Kalemie. Watu walijikusanya. Kadiri nilivyoomba, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ndani mna kitu kikubwa. Alichukua kamera, akaigeuza, kidole chake kikapata kitasa. Mlango wa nyuma ukafunguka katikati ya jua la saa sita.

Aliangalia utepe wa kijivu. Aliugusa. "Haina kitu," alisema, akiwa ameshangaa kidogo, na akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. "Safari njema."

Nilifunga mlango. Boti la Kalemie lilikuwa linapakia, kapita akiniita kwa mkono. Nililiangalia mpaka lilipoondoka, kisha nikageuka nikarudi kusini kwa miguu. Njiani matone makubwa ya kwanza yalianza kupiga vumbi, machache, yakaacha.

Kwenye Kiti, mara ya pili

Papa Kabuya alinikuta nimekaa ufukoni na kamera mapajani. Nilimweleza.

"Picha imekufa," alisema. "Jiwe haijakufa. Shefu apande aone."

"Shefu anaogopa maji."

"Basi ataona akiwa anaogopa."

Shefu alikubali kwa sharti kwamba Delfu naye apande, ili asije akasema ameonyeshwa dawa. Delfu alikubali kwa sharti kwamba apige kasia yeye mwenyewe. Tulikuwa wanne kwenye mtumbwi wa watatu. Shefu alishika mbao za kulia na kushoto na hakuziachia tena.

Delfu alifuata bati, akatazama mlimani, akasimama pale pale alipozoea. "Hapa," alisema. "Jiwe chini ya Pengo. Sawasawa."

"Teremsha kamba," Kabuya akasema.

Kok.

"Njo ninachosema," Delfu akapaza sauti. "Kiti imekuja hapa."

"Sasa tufuate bati kwenda kusini. Hesabu hatua." Delfu alipiga kasia akihesabu kwa kelele. Arobaini na moja. Kabuya alishusha kamba, akaipandisha: mchanga. "Hapa njo baba yako alinionyesha. Mafundo kumi na tisa, na mchanga. Mwamba uko kule ulikokuwa siku zote. Angalia mulima."

Delfu aliangalia. Jiwe lilikuwa kulia kwa Pengo. Akasema: "Labda ni kanisa yenye imehama."

"Kanisa iko na fondasyo," Shefu alisema, macho yameelekea sakafuni mwa mtumbwi. "Mi mwenyewe nilibeba mawe yake."

Hapo Delfu alimgeukia Kabuya, sauti ikiwa chini sasa. "Na weye ulijua. Ulinyamaza tupasue nyavu."

Ningeweza kumjibu, lakini Kabuya aliniomba nisimwambie mtu. Papa Kabuya alikunja kamba yake taratibu, fundo kwa fundo.

"Sikujua," alisema. "Sioni jiwe, Delfu. Sioni Pengo. Nakuona weye kwa sababu uko na kelele."

Delfu aliweka kasia chini. Nilimvisha Kabuya ukanda wa kamera shingoni, kamera tupu, nikazungusha lenzi ndefu mpaka aliposema basi. Alitazama muda mrefu.

"Njo ile?" aliuliza.

"Njo ile, Papa."

"Imezeeka," alisema. Kisha: "Iko inatoa moshi."

Tuliangalia wote. Vumbi lilipanda kando ya Jiwe, na baadaye, ikiwa imechelewa kwa umbali, sauti ikatufikia, kama gunia la mihogo likitupwa sakafuni. Shefu aliomba kamera. Aliachia mbao zote mbili ili aishike. Alipoirudisha alisema neno moja: "Turudi."

Delfu alipiga kasia kama anayefukuzwa. Kabla mtumbwi haujagusa mchanga alikuwa ameshaanza kuita watu, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa sauti ile. Mchana wote uliobaki walibeba. Walibeba vitanda, kuku, milango iliyong'olewa, wakavipeleka rasini kwenye kanisa la mawe na kwenye mashamba ya pembeni yake. Mama mudogo alifunga vitenge vyake upya bila kuniangalia. Alipofika kwenye cherehani aliniita.

"Shika upande ule." Tulibeba wawili. Katikati ya njia aliomba tupumzike. "Ni kanisa? Si bashi?"

"Ni kanisa. Lina bati."

"Ungesema hivyo tangu Jumapili," alisema, na tukainua tena.

Kalemie tena

Niliondoka siku iliyofuata mvua ikinyesha kweli. Juma moja baadaye Delfu alipiga simu. Mlima ulishuka alfajiri, mvua ikiwa imeshaacha, kwa sauti aliyosema hataki kuielezea. Nyumba zote kumi na mbili hazipo, hata mahali pake hapajulikani. Wamepoteza mbuzi mmoja aliyerudi kutafuta kwao.

Filme niliisafisha hata hivyo, kwenye ndoo za baba, bila tumaini. Nilikuwa nimesahau jambo dogo: picha za kwanza ndizo zinazozungushwa ndani kabisa ya utepe, zikifunikwa na za baadaye. Mwanga uliua zote za Kiti, ukaua ufa, ukamuua mama mudogo akishona. Ulibakiza tano, kingo zimeungua: zile za botini, nilizopiga ili kuonyesha kwamba hakuna kitu. Katika mojawapo vumbi limesimama juu ya Jiwe Jeupe, na chini kabisa, ndogo kama punje, linang'aa bati la mwisho penye korongo.

Nilimwambia mama mudogo kwa simu. Alitaka ichapwe kubwa. "Lakini kata mulima," alisema. "Acha nyumba tu."

Nilijaribu. Nyumba ni ndogo mno. Ukikata mlima, inabaki doa. Nimemtumia yote.

Halafu akampa simu Papa Kabuya. Alisema Delfu amemletea wavu, wa mwanzo wa kulipa zile walizomkatia, na siku hizi wanatoka pamoja, Delfu kwa macho na yeye kwa kamba. Shida ni alama. Jiwe Jeupe limelala chini, na sasa wanatafuta jingine.

"Weye njo ulisomaka mawe," alisema. "Utuambie ni jiwe gani yenye haitahama."

Nilifikiri juu ya mlima wote ninaoujua, kila mwamba niliougusa kwa mkono wangu. "Hakuna, Papa," nilimwambia. "Yote yanahama."

Nilisikia maji nyuma yake.

"Basi tutashika mawe mbili," alisema. "Zichungane."